Hitilafu ya kuja na kuondoka: tathmini ya huduma ya mafundi wa mtandao wa Mlandege

Mafundi wa mtandao mjini Zanzibar ni wengi, na wengi wao wanaijua vyema kazi ya kufunga: kuvuta kebo, kuweka ruta, kutundika kamera, kuunganisha printa. Walio wachache ni wale wanaoweza kuitwa pale ambapo kila kitu kimeshafungwa, kila taa inawaka, na bado seva hupotea mtandaoni kwa dakika chache kisha ikarudi yenyewe kabla mtu hajainua simu. Tathmini hii inahusu karakana moja ndogo iliyopo Mlandege, ambayo tuliikabidhi tatizo la namna hiyo katika duka la jumla la dawa ninalolisimamia Mji Mkongwe. Nimeamua kuiandika kwa urefu kwa sababu kazi waliyoifanya ni ya aina ambayo mteja haioni kwa macho. Hakuna kifaa kipya cha kuonesha, na ankara yake inaweza kumshangaza mtu anayedhani kwamba fundi hulipwa kwa kile alichokuja nacho mkononi.

Duka letu lina seva moja, iliyowekwa katika chumba kidogo ghorofa ya kwanza, nayo ndiyo inayobeba programu ya stoo na mauzo. Makarani wa mauzo wapo chini pamoja na swichi, yaani kifaa kinachoziunganisha kebo za kompyuta zote, mhasibu yupo juu, watu wa stoo wapo ng'ambo ya ua, na tawi la Chake Chake huingia kupitia intaneti. Seva inapopotea, karani haoni tena dawa ipi imebaki kiasi gani, wala toleo lipi linakaribia kuisha muda wake. Hulazimika kuandika kwa mkono mbele ya wateja waliosimama, na kilichoandikwa kwa mkono huingizwa kwenye mfumo jioni, wakati maboksi yale yale yameshaahidiwa Pemba kwa hesabu isiyokuwa na habari nayo. Kwa mwenye kuuza nguo huo ni usumbufu. Kwa mwenye kuuza dawa kwa zahanati ni jambo la kutia hofu, kwa kuwa zahanati iliyoahidiwa dawa isiyokuwepo hugundua hivyo siku ambayo mgonjwa ameshafika.

Kabla ya hapo tulihudumiwa na kampuni nyingine, ambayo sitaitaja. Walibadilisha swichi, wakabadilisha kadi ya mtandao ya seva, yaani kile kipande kinachopokea kebo, na mwisho wakaufuta mfumo wote na kuuweka upya. Kila baada ya badiliko hitilafu ilitulia kwa muda, na kila ilipotulia sote tulidhani imepatikana. Hapa ndipo ulipo mtego wa tatizo la kuja na kuondoka: linapokoma baada ya fundi kugusa kitu, hakuna anayeweza kujua kama limekoma kwa mkono wa fundi au kwa sababu lingekoma tu kwa wakati wake. Fundi anayebadilisha vifaa bila kuweka rekodi hujidanganya pamoja na mteja wake, na gharama ya kudanganyika huko hulipwa na mteja peke yake.

Mafundi wa Mlandege walipofika mara ya kwanza hawakugusa chochote. Walikaa na makarani wakauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Seva inapopotea, inapotea kwa wote au kwa baadhi? Aliyekwisha kufungua ankara hukatika sawasawa na yule anayeanza kuingia? Intaneti nayo hukatika, au barua pepe zinaendelea kuingia? Taa ya pale ambapo kebo ya seva inaingia kwenye swichi huzimika, au hubaki inawaka? Swali hili la mwisho ndilo walilolirudia zaidi. Fundi mkubwa alimwonesha karani wetu wa siku nyingi taa yenyewe kwa kidole, akamwambia, “Bi mkubwa, ikikatika tena usinipigie kwanza. Tazama saa, tazama taa hii, andika, kisha ndiyo unipigie.” Naye akamjibu, “Haya mwanangu, lakini wateja nao wananitazama mimi.” Hata hivyo aliandika, na daftari lake likaja kuwa ushahidi wenye thamani kuliko kifaa chochote walichokileta.

Taa hiyo ina maana kubwa kuliko udogo wake. Ikiwa inawaka wakati seva haipatikani, basi umeme wa mawasiliano kati ya kadi ya seva na swichi unapita, na kosa litafutwe juu zaidi, kwenye anwani, kwenye mipangilio au kwenye programu. Ikiwa imezimika, watuhumiwa ni kebo, plagi, tundu la swichi, au kadi yenyewe. Kwa mtazamo mmoja wa karani asiyekuwa fundi, nusu ya watuhumiwa huachiwa huru. Sikuelewa kwa nini kampuni iliyotangulia haikuanzia hapo.

Pamoja na daftari, waliacha juu ya kabati kompyuta ndogo iliyokuwa ikiendesha programu ya ping, ambayo hukiita kifaa na kungoja kiitikie, kila sekunde kuelekea sehemu tatu kwa pamoja: seva, ruta, na kompyuta ya mhasibu. Hoja yake ilikuwa rahisi kuifuata. Zikinyamaza zote tatu, kosa lipo kwenye swichi au kwenye kebo ya kompyuta hiyo ndogo. Ruta na mhasibu wakijibu na seva ikanyamaza peke yake, mtandao kwa jumla ni mzima na uchunguzi unabanwa kwenye seva na njia yake. Kabla ya kuondoka walihakikisha kwamba saa ya seva, ya swichi na ya kompyuta ndogo zinalingana. Jambo hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ni rahisi kulidharau: logi mbili, yaani kumbukumbu za matukio ambazo vifaa hujiandikia vyenyewe, zenye saa zinazopishana hata kwa dakika mbili haziwezi kueleza kipi kilitangulia kipi, na katika hitilafu za aina hii kutangulia ndiko kunakomtaja mkosaji.

Dukani dhana ya kila mtu ilikuwa umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari, na anayekumbuka Mei 2008, kisiwa kilipoingia gizani kwa takriban mwezi mzima, na tena kipindi cha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ana haki ya kuutuhumu umeme kabla ya kitu kingine. Mafundi hawakuibeza dhana hiyo. Waliisoma swichi kujua imekaa muda gani tangu iwashwe mara ya mwisho, ikaonekana kwamba haikuwahi kuzimika, kwa kuwa ilikuwa kwenye UPS, betri inayoshika umeme unapokatika, kama ilivyokuwa seva. Umeme, kwa hiyo, haukuwa ukikizima chochote kati ya hivyo viwili. Lakini daftari la karani lilionesha vilevile kwamba matukio mengi yalikuja muda mfupi baada ya umeme kurudi. Mambo mawili haya yalionekana kupingana, na fundi mwenye haraka angelichagua mojawapo na kulisahau la pili.

Wao waliyaacha yote mawili yasimame. Walipoyapanga matukio kwenye karatasi moja, yakajigawa. Katika kundi la kwanza taa ilibaki inawaka, baadhi ya makarani waliendelea kufanya kazi na wenzao wakakatika, na umeme ulikuwa umetoka kurudi. Katika kundi la pili taa ilizimika, kila mtu alikatika, mara nyingine kwa sekunde chache tu, na hali hiyo ilizidi siku za mvua na za upepo mkali. Tangu siku hiyo walizungumza juu ya hitilafu mbili zilizovaana, na ndipo nilipofahamu kwa nini marekebisho yote yaliyotangulia hayakuweza kufanikiwa: hata kama mtu angeitibu moja kwa bahati, ya pili ingemwonesha kwamba ameshindwa, naye angerudisha nyuma dawa iliyokuwa sahihi.

Hitilafu ya kwanza inastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu naamini ipo katika maduka na hoteli nyingi za mji huu bila ya wenyewe kujua. Kompyuta inapotaka kuzungumza na seva katika mtandao wa ndani, anwani ya IP, namba ambayo kifaa hupangiwa mtandaoni, peke yake haitoshi. Hutangaza swali kwa wote, kwamba nani mwenye anwani hii, na mwenyewe hujibu kwa kutoa namba ya kadi yake ya mtandao, ambayo ni namba ya biti 48. Utaratibu huo, unaoitwa ARP, uliandikwa mwaka 1982, na hauna njia yoyote ya kuthibitisha kwamba anayejibu ndiye mwenye haki ya kujibu. Fundi kijana alikaa kwenye kompyuta ya mauzo wakati seva inapatikana, akaandika kwenye karatasi namba ya kadi iliyohifadhiwa kwa anwani ya seva. Hitilafu ilipotokea aliitazama tena. Anwani ilikuwa ile ile, namba ya kadi ilikuwa nyingine. Biti 24 za mwanzo za namba hiyo humtambulisha mtengenezaji wa kadi, na jina lililotoka lilikuwa la mtengenezaji wa vifaa vya kamera za usalama.

Kinasa picha cha kamera kilikuwa juu ya rafu ya stoo, kimefungwa na watu wa kamera ambao walikiacha na anwani ile ile kiliyotoka nayo kiwandani. Anwani zinazoanzia 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili ya mitandao ya ndani. Kila mtu anaruhusiwa kuzitumia bila kuomba, na watengenezaji wengi wa vifaa vidogo huchagua kutoka fungu lile lile la mwanzo. Seva yetu nayo ilipewa anwani yake kwa mkono miaka kadhaa nyuma, kutoka fungu hilo hilo, na hakuna aliyeiandika popote. Vifaa viwili vikawa vinaitikia anwani moja, kama watu wawili wa jina moja wanaogeuka kwa pamoja mmoja wao anapoitwa barazani.

Umeme uliingiaje hapo? Kinasa hakikuwa kwenye UPS. Umeme ukikatika kilizimika, ukirudi kiliamka, na katika kuamka kwake kilijitangaza kwa kila kifaa kilichokuwa mtandaoni. Kompyuta iliyosikia tangazo hilo hufuta namba ya kadi ya seva katika kumbukumbu yake na kuandika ya kinasa, na kuanzia hapo ankara zote hupelekwa kwa kifaa kisichojua ankara ni kitu gani. Kompyuta za Windows hulitegemea jibu kama hilo kwa muda wa sekunde 15 hadi 45 kisha hulihakiki upya, kwa hiyo karani mmoja angeweza kurudi kazini mapema na jirani yake akabaki nje. Tawi la Chake Chake, linalopitia kwenye ruta, ndilo lililokuwa likikaa nje kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ruta nyingi hushikilia jibu kwa muda mrefu kuliko kompyuta za mezani. Ruta za Cisco, kwa mfano, kwa mpangilio wa kiwandani hulishikilia kwa saa 4. Mwongozo wa viwango vya intaneti wa mwaka 2008 unataka kifaa kiulize kwanza kama anwani ina mwenyewe kabla ya kuanza kuitumia, lakini vifaa vidogo vingi havifanyi hivyo, na seva yetu ya Linux haikuandika neno lolote kwenye logi zake kuhusu mgongano huo. Makarani, basi, walikuwa sahihi kusema kwamba mtandao huharibika umeme unaporudi. Walichokosa ni mtu wa kuyachukua maneno yao kama ushahidi.

Hitilafu ya pili ilikuwa ya kushikika kwa mkono. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na kuta zake ni nene kiasi ambacho Wi-Fi ya chumba kimoja hufika dhaifu sana chumba cha pili. Aliyefunga mtandao wa mwanzo hakutaka kutoboa ukuta, akaitoa kebo ya seva kupitia dirishani, akaiteremsha nje kwa upande wa ua, akaiingiza chini kwa juu ya mlango. Ikawa inapigwa na jua, mvua, na hewa ya chumvi, na upepo wa kusi unapovuma huisugua kwenye kizingiti cha dirisha. Urefu wake haukuwa na tatizo, kwani kanuni inaruhusu hadi mita 100 na yetu haikukaribia hapo. Logi ya seva ilikuwa imejaa mistari ya kiungo kukatika na kurudi, wakati mwingine mara nyingi ndani ya dakika moja, na swichi ilikuwa ikihesabu vifurushi vya data vilivyoharibika kwenye tundu la seva peke yake, matundu mengine yote yakiwa safi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kipimo cha kebo cha taa nane, kile ambacho kila fundi wa mji huu anacho mfukoni, kiliipitisha kebo hiyo. Taa zote nane ziliwaka kwa mpangilio wake. Fundi mkubwa alieleza kwamba kipimo hicho hujibu swali moja tu, kama waya umeunganika kutoka mwanzo hadi mwisho, na umeme mdogo wa betri unaweza kupita hata kwenye kutu. Hakipimi kama waya huo unaweza kubeba mawasiliano ya kasi ya gigabiti. Kisha akaikata plagi na kunionesha. Vipande vya shaba ndani yake vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na pale ganda la kebo lilipochunika nyaya zilikuwa zimepauka. Alichukua waya mmoja, akaukwangua kwa wembe kidogo tu, na chini ya wekundu wa shaba ukatokea weupe wa alumini. Kebo nzima ilikuwa ya alumini iliyopakwa shaba juu, aina ambayo haikidhi viwango vya kebo za mtandao, huongeza ukinzani kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na shaba tupu, na ambayo metali zake mbili huanza kulana pale maji ya chumvi yanapoingia kati yake.

Kwa nini kebo mbovu ifanye kazi leo na kukataa kesho? Mtandao wa kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu kati ya jozi nne za nyaya, lakini wa megabiti 1000, yaani gigabiti moja, huzihitaji zote nne. Vifaa viwili vinapounganishwa hukubaliana kwanza juu ya kasi, na makubaliano hayo hupita kwenye zile jozi mbili za mwanzo. Zetu zilikuwa na uzima wa kutosha, kwa hiyo seva na swichi zilikubaliana juu ya gigabiti. Zilipojaribu kuitumia, jozi ya kahawia, mojawapo ya zile mbili zilizobaki, ikashindwa, kiungo kikakatika, zikaanza kukubaliana upya. Siku kavu na tulivu jozi hiyo ilifanya kazi. Siku ya unyevu haikufanya. Kampuni iliyotangulia ilipobadilisha kadi na swichi, plagi zilichomolewa na kuchomekwa tena, kutu ikakwanguka kidogo, na mtandao ukatulia kwa muda.

Kuna mambo mengine waliyoyachunguza na kuyaondoa, nayo nayapitia kwa haraka: utaratibu wa kadi ya mtandao kujipunguzia umeme inapokaa bila kazi, kutolingana kwa mpangilio wa kutuma na kupokea kati ya kadi na swichi, na uwezekano wa seva kuchukua anwani kutoka kwenye ruta na kuipoteza muda wake unapoisha. Hakuna kilichokuwa na kosa, na kila kimoja kimeandikwa kwenye ripoti pamoja na kilichothibitisha hivyo.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo ukiyalinganisha na uchunguzi. Anwani ya kinasa ilibadilishwa, kisha kinasa na kamera vikatengwa kwenye sehemu yao ya mtandao ili visikutane tena na mauzo. Anwani za seva na printa ziliwekwa nje ya fungu ambalo ruta huligawa yenyewe. Kebo mpya ya shaba tupu ilipitishwa ndani, kando ya boriti, kwa kutumia tundu la zamani lililokuwa limepitishiwa waya wa simu, bila kutoboa ukuta wa mawe. Jambo hili la mwisho nililithamini sana. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nimeona kuta nyingi zilizotobolewa ovyo kwa ajili ya kebo za kamera. Baada ya hapo hawakudai malipo ya mwisho mara moja. Waliiacha kompyuta ndogo iendelee kupiga ping hadi umeme ulipokatika na kurudi tena, mvua ikanyesha, na logi ikabaki haina pengo.

Ripoti waliyotukabidhi imeandikwa kwa Kiswahili safi, kwa mkono, na ina mchoro wa mtandao pamoja na jedwali la anwani za kila kifaa. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, na mtu yeyote atakayeleta kifaa kipya hutakiwa kuandika anwani yake hapo kabla ya kukichomeka. Sijawahi kupokea karatasi ya fundi yenye faida ya kudumu kama hiyo.

Sasa niseme yasiyoniridhisha, kwa kuwa yapo na hayana udogo. La kwanza ni taarifa za wateja wetu. Ili kuuona mgongano wa anwani, walinasa sehemu ya mawasiliano yanayopita kwenye mtandao, na mawasiliano hayo yana majina ya zahanati na oda zao za dawa. Walipoulizwa walijibu vizuri, wakaeleza kwamba walinasa matangazo ya ARP peke yake, wakatuonesha faili lenyewe na kulifuta mbele yetu. Lakini walijibu baada ya kuulizwa. Karakana inayofanya kazi ya aina hii ilipaswa kuja na karatasi ya makubaliano siku ya kwanza, inayosema nini kitanaswa, kitakaa wapi, na kitafutwa lini, na mteja aisaini kabla kifaa hakijachomekwa.

La pili ni kwamba wakati wote wa uchunguzi duka liliendelea kuumia. Nakubali hoja yao kwamba kubadilisha kitu chochote kabla ya kukusanya ushahidi kungeliharibu jambo lote. Hata hivyo wangeliweza kutupa nafuu ya muda isiyovuruga ushahidi, kwa mfano kunakili orodha ya akiba ya dawa kila saa kwenye kompyuta ya mauzo ili karani awe na cha kutazama seva inapopotea. Nafuu hiyo tuliibuni wenyewe, na ilipaswa kutoka kwao, kwa sababu wao ndio waliojua kwamba subira ingehitajika.

La tatu ni ankara. Hawauzi vifaa, na hilo nimelipenda, maana fundi asiyekuwa na swichi ya kuuza hana sababu ya kuiona swichi yako mbovu. Walituelekeza tununue kebo wenyewe Darajani na wakatufundisha namna ya kuichagua: tukwangue ncha ya waya kwa wembe palepale dukani, na tulipime uzito boksi, kwa kuwa alumini ni nyepesi kuliko shaba. Lakini malipo ya kazi yao yaliandikwa kwa mstari mmoja, bila kutenganisha muda wa kuchunguza, muda wa kufunga, na kodi ya kompyuta ndogo waliyoiacha. Mhasibu wetu aliomba mchanganuo na akaupata kwa mdomo. Kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko alichotoza yeyote kabla yao, na bado kilikuwa chini ya jumla ya swichi, kadi na kazi ya kampuni iliyotangulia, ambazo hazikutibu chochote.

Kwa mtu ambaye mtandao wake umekufa kabisa, sioni sababu ya kuwaita hawa. Fundi yeyote mwenye kipimo cha taa nane na kebo mpya atamaliza kazi kwa bei nafuu, kwa sababu kilichokufa hakijifichi. Hawa waitwe pale hitilafu inapokuja na kuondoka, na mwenye kuwaita akubali kwamba siku za mwanzo ataona daftari na kompyuta juu ya kabati na si kingine.

Tawi la Chake Chake bado halijafikiwa. Linatumia kinasa kilichofungwa na watu wale wale wa kamera, na kebo yake ilinunuliwa pamoja na yetu. Mafundi wamekuwa wakilisaidia kwa simu, na karani wa huko ameshaanza kuandika saa na taa kama alivyofanya mwenzake wa Unguja, lakini kukwangua waya na kusoma swichi isiyofikika kwa mbali kunamhitaji mtu aliyesimama hapo. Wamesema wako tayari kuvuka. Tumewaomba bei ya safari hiyo kwa maandishi, ikiwa na mchanganuo wake na karatasi ya makubaliano ya taarifa, na tunaisubiri.